Njia ya Kwenda Mahameni

Kwa desturi yetu, msafiri arudipo nyumbani hapokewi kwa maji na chakula tu, bali huulizwa pia habari za huko atokako. Huulizwa alipita wapi, alilala kwa nani, mto aliuvuka penye daraja au penye mawe, na watu wa huko wanaishije. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa ramani ya wale waliobaki nyumbani. Kijana aliyesikiliza vyema masimulizi ya mjomba wake aliweza, miaka mingi baadaye, kuifuata njia ile ile bila ya kuulizauliza. Lakini ramani ya namna hiyo ina ila moja kubwa: hukaa kichwani mwa mtu, na mtu ni wa kufa.

Wasafiri wa zamani waliokuwa na kalamu waliijua ila hiyo. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliporejea kwao baada ya kuzunguka kwa muda unaokaribia miaka 30, alisimulia safari zake na mwandishi Ibn Juzayy akaziandika, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1355. Kwa kuwa mengi yalitoka katika kumbukumbu, wataalamu mpaka leo wanabishana juu ya baadhi ya njia zake: je, mahali fulani alifika mwenyewe, ama alisimuliwa na wengine? Katika lugha yetu wenyewe, Selim bin Abakari alieleza safari yake ya mwaka 1896 ya kwenda Urusi na Siberia, na maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokikusanya Carl Velten. Hao walituachia maneno. Sisi wa leo twaweza kuacha maneno pamoja na mstari wenyewe wa nyayo zetu.

Mstari huo huchorwa na simu ya mkononi, chombo ambacho wengi wetu tunakitumia kwa salamu na kwa kutumiana fedha tu. Juu yetu, kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za Marekani ambazo ya kwanza yao ilirushwa mwaka 1978. Ziliwekwa kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea ya Kusini kupotea njia na kutunguliwa na ndege ya kivita ya Urusi ya wakati huo, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba mfumo huo utafunguliwa pia kwa matumizi ya raia. Hata hivyo, ishara waliyopewa raia ilipunguzwa makali kwa makusudi hadi Mei mwaka 2000, na mtu angeweza kuonyeshwa kuwa yuko mita mia moja mbali na mahali aliposimama. Leo, penye uwazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Tena haitegemei mfumo mmoja tu, kwani Urusi, Umoja wa Ulaya na China nao wana setilaiti zao, na simu nyingi husikiliza zote.

Nasema husikiliza, kwa maana wengi hudhani kwamba simu huzungumza na setilaiti na kwa hiyo hula vocha. La, sivyo. Setilaiti hutangaza wakati wote, kama mwadhini asiyechoka, na simu hupokea. Ikizipata nne au zaidi, hukadiria mahali ilipo kwa kupima muda ambao kila ishara imetumia safarini. Ndiyo sababu kazi hiyo yawezekana hata porini pasipo na mtandao wa simu, mradi tu msafiri awe amekwisha kuihifadhi picha ya ramani ndani ya simu yake kabla ya kuondoka mjini.

Ndugu msomaji, si lengo langu kuinadi simu. Nataka nikueleze jinsi chombo hicho kilivyoingia katika jambo la ukoo wetu.

Nyumbani kwetu ni mkoani Iringa. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia yetu ilihama kutoka kwenye makazi ya babu na kwenda kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa kubeba tenga la kuku. Katika kijiji kipya tulipata shule iliyokuwa karibu, na ndiko nilikoanzia njia iliyonifikisha kwenye kazi ya ualimu niliyoistaafu mwaka 2024. Lakini makaburi hayapakiwi kwenye lori. Babu, bibi na wadogo zangu wawili waliofariki wangali wachanga walibaki kule, na makazi yale yakawa mahame.

Baba alikuwa na desturi ya kwenda kuyasafisha makaburi hayo kila mwaka mavuno yamalizikapo. Alikwenda peke yake, kwa sababu sisi tulikuwa masomoni au kazini, na njia aliiweka kichwani mwake. Alipofariki mwaka 2006 hakuacha hata mchoro mmoja. Mwaka 2011 kaka yangu alijaribu kuifuata. Alizunguka kutwa nzima katika miombo iliyokwisha kuota upya juu ya mashamba ya zamani, akarudi jioni miguu imechanika na hakufika. Tangu hapo aliyebaki akiijua njia alikuwa mtu mmoja tu, naye ni shangazi yetu, dada yake baba, mwenye umri wa miaka 82. Magoti yalikuwa yakimsumbua. Kila simu iliyolia usiku kutoka nyumbani ilinishtua, na nikaona haya kwamba pamoja na hofu ya kumpoteza shangazi nilikuwa na hofu ya kuipoteza njia.

Agosti mwaka 2024 tukaazimia kwenda. Tulikuwa watu watano, akiwamo mtoto wa kaka yangu, kijana anayependa mno mambo ya ramani. Mjini Iringa alihifadhi ramani ya eneo lote, akachaji simu mbili pamoja na kifaa cha akiba cha kuchajia. Tulipofika kijijini na kumwamkia shangazi, kijana akamwonyesha simu na kumweleza kwamba itaandika kila hatua tutakayopiga. Shangazi aliitazama kwa muda.

"Hiyo simu ilikwisha kufika kule?" akauliza.

"Bado, bibi."

"Basi ikae nyuma. Nitatangulia mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shangazi mbele na fimbo yake, sisi nyuma. Simu ilipachika nukta moja kila baada ya sekunde tano, na nukta hizo zikaungana kuwa mstari. Lakini nilipochungulia kioo chake niliona kwamba mstari ule ulikuwa ukitambaa juu ya weupe mtupu. Ramani ya dunia nzima, yenye kila kichochoro cha London na kila duka la vitabu la Paris, haikuwa na jina hata moja kwa nchi ile aliyozaliwa baba yangu. Wakati huo huo shangazi hakutembea hatua mia mbili bila ya kutaja jina. Hapa ni Penye Mtini. Pale ni Jiwe la Ng'ombe, kwa sababu limelala kama ng'ombe anayecheua. Huku ndiko walikokuwa wakikutana wachungaji wakati wa jua kali. Kumbe nchi haikuwa tupu. Mchoraji ndiye aliyekuwa bado hajaambiwa.

Kwa hiyo tukagawana kazi. Simu iliandika mahali, na shangazi akaeleza mahali hapo ni pa nini. Kila aliposimama, kijana aliweka alama, akapiga picha, na kurekodi sauti yake akisimulia. Alama hizo zilifika kumi na nne. Kijana aliziita pointi, shangazi akaziita vituo, na mimi nimelipenda zaidi neno la shangazi.

Kwenye kijito cha pili shangazi aliiacha njia iliyonyooka, akatuzungusha upande wa juu kwa zaidi ya nusu kilomita kabla ya kuvuka. Kijito kilikuwa kikavu, na kijana akauliza kwa adabu kwa nini tusikate moja kwa moja. Shangazi akajibu kwamba hapo chini maji yalimchukua binti wa jirani yao katika masika moja kabla ya Uhuru, na tangu siku hiyo watu wa kwao hawavukii hapo. Jioni, kijana alipokuwa akiusafisha mstari kwa kuondoa mikwaruzo inayotokana na ishara kuyumba chini ya miti, aliuona mpindo ule, na programu ikampa shauri la kuunyoosha. Aliuacha. Mtu mwingine atakayeutazama atadhani kwamba tulipotea. Sisi tunajua kwamba pale ndipo tulipokuwa tukienda sawasawa kuliko mahali pengine popote.

Tulifika mahameni saa tatu kasorobo. Minyaa iliyokuwa ua wa nyumba ya babu imekuwa miti mirefu, na kwa minyaa hiyo shangazi alipatambua hata kabla ya kuyaona mawe. Tulifyeka, tukafagia, tukapanga upya mawe yaliyosukumwa na mizizi. Shangazi akaelekeza kwa fimbo: huyu baba, huyu mama, hawa wawili ni wa kaka yangu. Kijana akaweka alama zake moja moja. Ndipo shangazi akasogea kando kidogo, penye mawe madogo matano ambayo hakuna mtu angeyadhania kuwa ni kaburi, akasimama.

"Na huyu ni wangu," akasema. "Aliishi siku tisa. Nilimzaa nilipokuja kujifungulia kwa mama."

Hakuna miongoni mwetu aliyepata kusikia habari hiyo. Watoto wake watano wakubwa, ambao baadhi yao wana wajukuu, hawakuwa wakijua kwamba walikuwa na kaka aliyewatangulia. Tulinyamaza. Kijana alikuwa na simu mkononi na hakuthubutu kuiinua, mpaka shangazi mwenyewe alipomwambia, "Mwandike na yeye." Akamtajia jina. Mimi nimekaa darasani miaka mingi nikifundisha watoto kusoma ramani, kupima masafa na kutaja latitudo na longitudo, lakini sikuwahi kuona nukta moja ikiwa na uzito kama ile.

Simu ilituambia kwamba tulitembea kilomita 7.4, ilhali kutoka kijijini hadi mahameni kwa mstari ulionyooka ni kilomita 4.6. Faili lote la mstari, bila ya picha na sauti, lilikuwa dogo kuliko picha moja ya harusi. Usiku ule tulipopata mtandao tuliwatumia ndugu walioko Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na binti wa kaka yangu anayeishi Canada. Binti huyo alizaliwa baada ya mahame kusahauliwa na wengi. Aliufungua mstari juu ya picha ya setilaiti, akaufuata kwa kidole kituo kwa kituo huku akisikiliza sauti ya bibi yake. Alinipigia simu usiku wa manane, kwani kwao kulikuwa bado ni mchana, akauliza swali moja tu: "Shangazi, hilo Jiwe la Ng'ombe lina pembe?" Nikajua kwamba amefika.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao nadhani utazifikia familia nyingi. Mtoto wa kaka alitaka tuuweke mstari wote, pamoja na majina na makaburi, kwenye ramani ya wazi ya dunia iitwayo OpenStreetMap. Ramani hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote aweza kuongeza humo anachokijua kuhusu mahali pake. Hoja zake zilikuwa nzito. Alitukumbusha kazi ya Ramani Huria iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walipita mitaani wakichora nyumba, njia na mitaro ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko, ili mipango ya kujikinga itegemee picha halisi. Watu wasipoandika mahali pao, alisema, wataendelea kuonekana kama hawapo.

Kaka yangu alipinga. Alisema kaburi si kituo cha basi. Aliuliza ni nani atakayezuia mgeni asiyejulikana kufika pale, kwa nia njema au mbaya, wakati sisi wenyewe tuko mbali. Mimi nilizipima pande zote mbili, na nikakumbuka kisa kilichotangazwa duniani Januari mwaka 2018. Kampuni ya Strava, inayowawezesha wakimbiaji kuandika mizunguko yao kwa simu na saa, ilikuwa imechapisha mwishoni mwa mwaka 2017 ramani moja inayoonyesha mistari ya wateja wake kwa pamoja, bila ya majina yao. Mwanafunzi mmoja wa Australia akagundua kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan, penye giza kila mahali, kulikuwa na mistari inayong'aa: ni askari waliokuwa wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Nyayo zao ziliisema zenyewe.

Basi tukampelekea shangazi shauri hilo, maana njia ni yake. Alitafakari, kisha akatoa hukumu ambayo sidhani kama kamati yoyote ingetoa iliyo bora zaidi. Majina ya mahali, alisema, ni ya kila mtu, kwa kuwa hata majirani waliokwenda vijiji vingine waliyatumia. Hayo yaandikwe hadharani. Kijia na chemchemi navyo viandikwe, mpita njia asije akafa kwa kiu. "Lakini wafu ni wa wenyewe," akamaliza. Kwa hiyo hivi leo ule weupe una majina, na makaburi yamo katika faili la ukoo tu. Ndiyo sababu pia katika makala haya sikukitaja kijiji chetu.

Kutokana na safari hiyo nimepata mambo machache ambayo yafaa msomaji ayazingatie kama naye ataka kuandika safari zake.

La kwanza, gawia watu safari yako baada ya kurudi, si ungali njiani. Mstari unaosogea kuelekea Mbeya huku familia yote imo garini unamwambia mwizi wa Dar es Salaam kwamba nyumbani hakuna mtu. Tena ukate mwanzo na mwisho wake, maana mara nyingi huanzia na kuishia mlangoni pako.

La pili, omba ruhusa ya wale ulioandamana nao. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo na sheria, uungwana ungetosha. Mwenzako aweza kuwa na sababu njema ya kutotaka ijulikane alikuwa wapi siku fulani.

La tatu, usiiachie kampuni kuwa ghala pekee la kumbukumbu zako. Desemba mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba kumbukumbu za mahali alipopita mtumiaji zitahamishwa kutoka kwenye hifadhi yake na kuwekwa ndani ya simu ya mtu mwenyewe, na mwaka uliofuata watumiaji wakapewa tarehe ya mwisho ya kuchagua la kufanya. Kwa upande wa usiri hilo ni jambo jema, lakini simu huibwa, na simu huanguka majini. Sisi tumeweka nakala ya faili kwa ndugu wanne walio katika miji tofauti. Zaidi ya hayo mimi nimechora ramani ile kwa mkono katika daftari, vituo vyote kumi na vinne, na masimulizi ya shangazi nimeyaandika kwa wino. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, usiudhanie mstari kuwa ni zaidi ya ulivyo. Mzee mmoja kijijini aliposikia habari zetu aliuliza kama sasa tutadai ardhi ile. Nilimjibu kwamba ramani ya simu yaonyesha tulipopita, haionyeshi kinachomilikiwa na nani. Ardhi ya vijiji ina sheria yake, ile Namba 5 ya mwaka 1999, na ina vikao vyake.

Julai mwaka 2025 vijana wa ukoo walikwenda mahameni wenyewe, kwa mara ya kwanza bila ya mzee hata mmoja. Shangazi alibaki barazani kwake akichambua maharage. Walipofika kwenye kijito cha pili kilikuwa kikavu kama mwaka uliotangulia, na ng'ambo ilikuwa mbele ya macho yao. Walizunguka upande wa juu, kama mstari unavyokwenda, kisha wakavuka. Waliporudi, shangazi hakuuliza kama walifika. Aliuliza walivukia wapi.

Nawe msomaji, huenda kwenu hakuna mahame. Lakini hapana shaka iko njia ambayo ni mtu mmoja tu anayeijua bado: ya kisima cha zamani, ya shamba la bibi, ya mahali walipoagana wazazi wako. Mwende naye angali ana nguvu ya kutangulia. Chukua simu, chukua daftari, na uandike kila atakachokitaja, pamoja na mahali pale ambapo ataiacha njia iliyonyooka. Hapo umwulize sababu.